Daftari la Wageni: Vitabu vya Katuni na Wasomaji Wake Kati ya Mweya na Bwera

Kila mkusanyaji wa vitabu vya katuni anayeandika orodha ya mali yake huwa anaogopa jambo fulani. Mmoja anaogopa kununua mara ya pili nakala ambayo tayari anayo. Mwingine anaogopa kwamba mfululizo wake una pengo ambalo hajaligundua. Wa tatu anaogopa kufa, warithi wake wakauza sanduku zima kwa bei ya karatasi za kufungia karanga. Hofu hiyo ndiyo inayoamua orodha itakuwa na safu zipi, na safu hizo ndizo zinazoamua mwanahistoria atakayekuja baadaye ataweza kujua nini. Katika insha hii ninalichunguza daftari moja lililoandikwa na babu yangu mzaa mama, aliyekuwa karani wa mapokezi katika hoteli ya Mweya kabla ya kurudi kwetu Bwera. Ninadai kwamba daftari hilo limehifadhi kitu ambacho orodha kubwa za ng'ambo, pamoja na ustadi wake wote, hazikukihifadhi, yaani safari ya kitabu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Nianze na hizo orodha kubwa, kwa sababu wenzangu kadhaa darasani walidhani kukusanya katuni ni mchezo wa watoto usio na taratibu. Vitabu vya katuni vya Marekani vilianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1930. Action Comics namba 1, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, ina tarehe ya Juni 1938 na iliuzwa kwa senti 10. Vilinunuliwa na watoto, vikasomwa hadi vikachanika, vikatupwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vingi vilikusanywa pamoja na magazeti makuukuu ili karatasi itumike tena. Watoto hao walipokuwa watu wazima na kutamani tena walichokisoma utotoni, waligundua kwamba hakuna aliyejua kwa hakika ni matoleo mangapi yaliyowahi kuchapishwa. Wachapishaji wengine walikuwa wamefunga milango. Hadithi nyingi hazikuwa na jina la mwandishi wala la mchoraji.

Ndipo akatokea Jerry Bails, mhadhiri wa chuo kikuu mjini Detroit. Mwaka 1961 alianzisha jarida dogo la mashabiki lililoitwa Alter Ego, akaanza kubadilishana barua na wakusanyaji wa sehemu mbalimbali: wewe una namba ipi, mimi sina namba ipi, nani alichora ukurasa huu. Kazi hiyo ilizaa, kati ya mwaka 1973 na 1976, kitabu cha majuzuu manne alichokihariri na Hames Ware, kinachotaja watu waliotengeneza katuni za Marekani. Huyu, kwa maoni yangu, alikuwa mwanahistoria, ingawa hakulipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1970 Robert Overstreet alitoa orodha ya namna nyingine, yenye bei. Tangu hapo swali likabadilika. Mkusanyaji hakutosheka tena kuandika kwamba anacho. Ilimbidi aandike kikoje, maana nakala safi na nakala iliyokunjwa pembe zina bei zilizo mbali kama mlima na bonde. Kufikia mwaka 2000 kulikuwa na kampuni, CGC, inayopokea kitabu chako, inakipa alama isiyozidi 10, kisha inakifunga ndani ya plastiki ngumu. Nakala ya Action Comics namba 1 yenye alama 9.0 iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola 3,200,000. Mnunuzi akitaka kuisoma itambidi avunje plastiki, na akivunja plastiki anapoteza alama.

Ipo pia orodha ya watu wanaojitolea, Grand Comics Database, iliyoanza mwaka 1994. Hiyo haijali bei. Inaorodhesha kila hadithi ndani ya kila toleo: ina kurasa ngapi, nani aliandika, nani alichora kwa penseli, nani alipitisha wino, nani aliandika herufi, nani alitia rangi. Nimekaa nayo saa nyingi kwenye kompyuta za maktaba na ninaistahi sana. Lakini kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna mahali pa kumwandika msomaji. Msomaji huingia katika kumbukumbu za wakusanyaji kwa bahati tu. Kule Nebraska alikuwepo kijana aliyeitwa Lamont Larson, ambaye duka la mtaani lilimwekea vitabu vyake kando na kuandika jina lake kwa penseli juu ya majalada. Leo wakusanyaji wanazitafuta nakala zenye neno hilo “Larson”, na uchafu ule wa penseli umekuwa sifa. Huo ni mfano mmoja kati ya mamilioni ya nakala.

Sasa twende kwetu, ambako mambo yaliharibika tangu kwenye namba ya toleo.

Orodha ya aina ya Bails inadai kitabu kiwe na namba, tarehe na jalada. Katuni nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa na hata kimoja, ama zilikuwa navyo zikavipoteza njiani. Juha Kalulu wa Edward Gicheri Gitau, aliyeanza miaka ya 1950 na kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, aliishi ndani ya gazeti. Aliyempenda alimkata kwa wembe, na alipomkata aliacha tarehe juu ya ukurasa. Bogi Benda wa Mganda James Tumusiime naye alikuwa mtu wa magazetini. Halafu kulikuwa na hadithi za picha za kamera, zile za Lance Spearman katika jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum na kusomwa Nairobi, Kampala, Lagos na Accra. Tanzania kukawa na jarida la Kiswahili la mtindo huohuo, Film Tanzania, la Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo. Baadaye wakaja Joe wa Nairobi, jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililotoka kati ya mwaka 1973 na 1979, na Sani wa Dar es Salaam, ambaye jina lake ni Saidi na Nico wakiwa wameunganishwa, pamoja na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Ng'ambo ya mpaka wetu, Kongo, wachoraji walikuwa hodari kuliko wote. Kinshasa ilikuwa na Jeunes pour Jeunes tangu mwaka 1968. Kisangani ilimtoa Barly Baruti.

Majarida haya yaliuzwa kwa mtu mmoja na kusomwa na kijiji. Nakala iliyopita mikono thelathini haina jalada. Isiyo na jalada haina namba wala mwezi wala mwaka, na aliyezoea orodha za Marekani ataiita takataka. Ndiyo maana nasema kwamba kumbukumbu ya mkusanyaji wa kwetu ilibidi isimame juu ya msingi mwingine.

Msingi alioupata babu ulikuwa mezani kwake kazini. Mweya ni rasi iliyoingia Ziwa Edward, pale Mfereji wa Kazinga unapomwaga maji yake, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1952 na kupewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954. Ni mahali penye mazoea ya kuhesabu. Tangu mwaka 1961 palikuwa na kituo cha watafiti wa wanyama, waliohesabu viboko majini na kupanda ndege ndogo kuhesabu ndovu. Tunajua kwamba kufikia mwaka 1980 ndovu wa hifadhi nzima walikuwa wamebaki kama 150 tu kwa sababu kulikuwa na watu walioendelea kuhesabu hata nyakati mbaya. Hotelini nako walihesabu wageni. Kila aliyefika aliandikwa katika kitabu kikubwa: jina, tarehe ya kufika, anatoka wapi, chumba, tarehe ya kuondoka, anakwenda wapi, sahihi.

Babu alichukua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaandika safu zilezile. Hakubadilisha hata moja. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa “WAGENI”, na wageni wenyewe ni vitabu vya katuni. Mstari wa kwanza, wa Aprili 1971, una kitabu cha Tintin cha Kifaransa. Anatoka: “chumba 14, Mbelgiji, amekiacha chini ya mto”. Chumba: “sanduku la bati”. Anakwenda: “Masereka wa jikoni”. Sahihi: msalaba, kwa kuwa Masereka wa jikoni hakujua kuandika. Mwishoni kuna safu iliyoongezwa, “Maoni”, na humo babu ameandika: “Hatukuelewa maneno ila tulicheka.”

Niliposoma mistari michache ya namna hii nilidhani babu alikuwa akifanya mzaha. Baada ya kunakili kurasa arobaini niliona kwamba mfumo huo unafanya kazi vizuri kuliko mifumo mingi niliyofundishwa. Mgeni wa hoteli hana namba ya toleo. Anaweza kufika bila koti na kuondoka na homa, lakini bado ni mgeni yuleyule. Kwa babu, kitabu kisicho na jalada kilibaki na utambulisho wake kwa sababu aliandika kilikotoka na kilikolala. Kiliporudi kibovu, aliandika. “Amerudi bila jalada.” “Amelala mvuani.” “Ameliwa na mende pembeni, anasomeka.” Hayo ni maelezo ya hali ya kitabu kama yale ya Overstreet, tofauti ni kwamba kipimo chake ni kusomeka au kutosomeka.

Safu ya “Anatoka” ndiyo iliyonifanya nilete jambo hili katika somo la historia. Ukiisoma peke yake kutoka juu hadi chini, unaona historia ya magharibi ya Uganda ikipita. Mwaka 1971 na 1972 vitabu vinatoka vyumbani: Mwingereza, Mbelgiji, familia ya Wahindi kutoka Kampala. Baada ya 1972, mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia na watalii wakaanza kuikwepa nchi, vyumba vinatoweka katika safu hiyo. Mahali pake panaandikwa “treni”, maana reli ya kutoka Kampala ilikuwa imefika Kasese tangu mwaka 1956, na abiria waliacha majarida mabehewani au waliyauza stesheni. Panaandikwa pia “Kilembe”, yaani mgodi wa shaba, ambako wafanyakazi kutoka kila kona walisoma Lance Spearman baada ya zamu. Joe anaonekana mara nane, akitoka “treni” mara zote nane, na baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, haonekani tena. Mwaka 1979 kuna mstari mmoja ninaoupenda kuliko yote. Jina la mgeni: “hadithi ya picha, Kiswahili, bila jalada”. Anatoka: “askari Mtanzania, ametupa bure”. Majeshi ya Tanzania yalipofika pande zetu baada ya kumwondoa Amin yalikuja na bunduki na Kiswahili, nilijua hilo. Sikujua kwamba katika mkoba wa askari mmoja mlikuwa na katuni.

Miaka ya 1980, babu akiwa Bwera, safu hiyo inahamia mpakani: “Kasindi, sokoni”, “Kasindi, dereva wa lori”, “mama wa vitenge”. Vitabu hivi vilikuwa vya Kifaransa au Kilingala, na katika Maoni babu ameandika nani alikuwa msomaji wa kutafsiri. Kwa hiyo tunajua kwamba katuni za Kongo zilisomwa Bwera kwa sauti, mtu mmoja akifasiri kwa Kiswahili cha mpakani huku wengine wakiangalia picha. Nimetafuta habari ya namna hii katika vitabu vinavyohusu kuenea kwa Kiswahili Uganda. Vinazungumzia jeshi, polisi, wamisionari na, siku hizi, uamuzi wa baraza la mawaziri wa mwaka 2022. Hakuna kinachozungumzia benchi la nje ya duka na kitabu cha picha.

Ugumu mkubwa wa daftari hili uko katika safu ya “Anakwenda”, na wenzangu wasio Wakonzo watanivumilia nieleze. Sisi huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza huitwa Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kadhalika. Wasichana nao wana yao. Maana yake ni kwamba katika kijiji chochote akina Baluku ni wengi kuliko miti ya kahawa. Orodha ya wakopaji yenye Baluku, Baluku, Bwambale, Baluku haimsaidii mdai yeyote. Babu alilitatua kwa lakabu za kazi na mahali: Baluku wa baiskeli, Baluku wa kinu, Baluku mwenye mbwa mweupe. Lakabu hizi zimenipa orodha ya kazi zilizokuwepo Bwera mwaka kwa mwaka. Fundi wa redio anaingia mwaka 1983. Wa kinu wako wawili kufikia 1990. Mhadhiri wangu aliniuliza, na aliuliza kwa haki, kama ni sawa kutangaza majina ya watu waliokopa. Nimeacha yale ya mpangilio wa kuzaliwa, ambayo hayamfichui mtu, na lakabu zote katika insha hii nimezibadilisha.

Kuna pengo moja katika daftari. Mstari wa mwisho kabla yake ni wa tarehe 9 Novemba 1996: vitabu vitatu vimetoka. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Zaire na kushambulia Mpondwe na Bwera, na watu wakakimbia. Babu hakuandika neno hata moja kuhusu shambulio hilo. Mstari unaofuata ni wa Machi 1997, kwa wino wa rangi nyingine. Kati ya wale watatu, mmoja ana tarehe ya kurudi, mwaka 1998, na maoni “amerudi na mtoto wake”, maana aliyekopa hakurudi mwenyewe. Wawili hawana kitu. Mwanafunzi mwenzangu aliposoma ukurasa huo alisema kwamba babu alikuwa na moyo mgumu, kuandika vitabu wakati watu wanakufa. Sikubaliani naye. Nadhani ukurasa ule ndio maandishi pekee katika nyumba yetu yanayotaja siku hizo, na aliuandika kwa njia pekee aliyoizoea.

Nifike sasa kwenye vitabu vyenyewe, maana msomaji atakuwa anajiuliza viko wapi. Babu alipozeeka aliyahamisha masanduku yake mawili ya bati kwenda kwa mama mkubwa, aliyekuwa akikaa bondeni Kilembe, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya matofali na haikuwa na mchwa. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika. Wenyeji wa Kasese hawahitaji kuelezwa. Mto ulileta mawe makubwa kutoka mlimani, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaingia hata hospitali. Masanduku yalikwenda na maji. Daftari lilipona kwa sababu babu alikuwa amebaki nalo Bwera. Bado alikuwa akilitumia kudai.

Kwa hiyo tuna orodha bila mkusanyiko, na mtu angeweza kusema kazi imekwisha. Lakini safu ya kurudi ina mistari arobaini na mmoja iliyo wazi. Vitabu arobaini na kimoja havikuwahi kurudishwa, na kwa hiyo havikuwemo ndani ya masanduku. Waliotunza mkusanyiko wa babu bila kukusudia ni wadaiwa wake sugu, wale aliowalaumu hadi kifo chake. Nilipoliona hilo nilirudi Bwera likizoni na kuanza kupita nyumba kwa nyumba na picha za kurasa katika simu yangu.

Wengi walikuwa wamefariki au kuhama. Watoto wa wengine waliniangalia kama mtoza kodi. Hata hivyo nimepata vitabu vitano, na kila kimoja kilikuwa mahali ambapo hakuna mwongozo wa wakusanyaji ungeniambia nitafute. African Film moja ilikuwa imefungwa na nyaraka za ardhi za marehemu mchimba shaba. Kurasa nne za Joe zilikuwa zimevalishwa kitabu cha sala kama jalada, picha zikiwa upande wa ndani kwa heshima. Sani ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya godoro, nzima kabisa.

Cha nne kilikuwa kwa bibi mmoja ambaye daftari linamwita Biira wa cherehani. Alikopa mwaka 1988 hadithi ya picha ile ya askari wa Tanzania. Nilimwamkia, nikajieleza mimi ni mjukuu wa nani, nikamwonyesha mstari wake. Alivaa miwani, akasoma polepole, akacheka.

“Mutoto wangu, miye nilijua mutakuya siku moya,” alisema. Kiswahili chake ni cha Kasindi na nimekiandika alivyokitamka. “Mzee alikuya mara tatu. Nilimwambia nimepoteza.”

“Kumbe hukuwa umekipoteza, bibi?”

“Nilikuwa sijamaliza kufundisha watoto.”

Alikuwa amekitumia kuwafundisha watoto wake kusoma Kiswahili, kwa kuwa shuleni hakikufundishwa na yeye alikitaka kwa ajili ya biashara. Kila picha ina alama za penseli chini ya maneno. Watoto watano wamepita humo, kisha wajukuu. Nilimwomba ruhusa ya kupiga picha kila ukurasa, akakubali. Nilipomuuliza kama angependa kitabu kirudi kwetu, alikifunga ndani ya kanga na kuniuliza kama nitakunywa chai.

Nimejaribu kuingiza vitabu hivi vitano katika mfumo wa kawaida. Nilitengeneza jedwali la kompyuta lenye safu za kimataifa: jina la jarida, namba, tarehe, mchapishaji, mwandishi, mchoraji, hali. Kwa hadithi ya Bibi Biira nilijaza “Kiswahili” na “mbaya”, na safu nyingine zote zikabaki tupu. Mtu atakayeisoma orodha hiyo ataona kitabu duni kuliko vyote, kumbe ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote. Mhadhiri alinishauri niandike habari za wasomaji katika sehemu ya maelezo ya ziada. Nilikataa, na tulibishana kwa wiki mbili, maana kilichowekwa katika maelezo ya ziada hakiwezi kutafutwa wala kupangwa. Nataka mtu aweze kuuliza: kati ya 1980 na 1990 ni vitabu vingapi vilivuka kutoka Kasindi, na vilipita mikono ya wanawake wangapi?

Tulichokubaliana hatimaye ni majedwali mawili. La kwanza lina mstari mmoja kwa kila kitabu, na safu za kawaida, hata zikiwa tupu. La pili lina mstari mmoja kwa kila safari: kitabu kipi, kimetoka kwa nani, kimekwenda kwa nani, lini, kimerudi lini, kimerudi kikoje. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na mistari ishirini humo. Namba ya kuunganisha majedwali hayo ni namba ya mstari wa kwanza wa kitabu katika daftari la babu, siyo namba ya toleo. Kwa wale waliobaki kwa wadaiwa nimeongeza safu moja tu, “Yupo kwa”, kwa sababu sioni kwamba Bibi Biira bado anadaiwa. Mama mkubwa anaona anadaiwa. Jambo hilo halijaisha katika familia.

Sitaki kulitukuza daftari hili kupita kiasi. Babu hakuandika majina ya wachoraji hata pale yalipokuwa yamechapwa wazi, na kwa sababu hiyo sitaweza kamwe kujua ni kazi za nani zilizofika kwetu kutoka Kongo. Bails angelia. Watoto waliosoma wakiwa wamesimama nyuma ya mkopaji nao hawamo, na lazima walikuwa wengi kuliko walioweka sahihi. Bei pia haimo, isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili babu anailalamikia.

Imebaki mistari thelathini na sita. Mmoja wao, wa Juni 1996, ni ule Tintin wa chumba 14, uliokuwa umepita mikono kumi na tisa wakati huo. Safu ya Anakwenda inasema “Kasindi, Muhindo wa mizani”. Nimeambiwa watoto wake wanakaa nyuma ya soko, ng'ambo ya daraja. Nitavuka likizo ijayo nikiwa na nakala ya ukurasa. Daftari lenyewe litabaki, kwa kuwa mama mkubwa hataki litoke nyumbani mpaka kwanza niandikwe humo, na sahihi yangu, na tarehe ya kurudi.